Pumzi ya Mjazaji

Mjazaji aliipuliza chai yake ipoe, na kiti alichokalia kikageuka kikatazama kabati. Mkewe, aliyekuwa akipaka mkate siagi, aliweka kisu chini, akamgeuza akamrudisha mezani.

"Inywe ikiwa moto hivyo hivyo," alisema. "Utachelewa."

Mjazaji alifanya kazi kwenye kiwanda cha injini ndogo za roketi. Injini hizo hazinyanyui roketi. Hiyo ni kazi ya injini kubwa. Hizi hukaa ubavuni zikitema moto huku na huku, zikiigeuza shingo isiende mrama. Hutumia vimiminika viwili vinavyowaka papo hapo vikikutana, na kazi ya mjazaji ilikuwa kuvitia kwenye matangi, kila kimoja kwa mpira wake. Mpira mmoja ulivuja kwenye kiungo. Ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na mvuke wake, unaonuka samaki aliyeoza, ulimwingia puani kutwa.

Wiki haikwisha akawa hawezi tena kutembea moja kwa moja. Akitoa pumzi kulia, alikwenda kushoto; akiguna, alizunguka. Wenzake wakamwita Usukani. Daktari wa kiwanda alimsikiliza kifua.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti, daktari."

"Vizuri. Usianze."

Mkewe akamfunga kamba kiunoni, akawa anamsindikiza hadi getini. Njiani walikutana na wanawake wengine wenye waume na kamba. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani.

"Iache hiyo kazi, mume wangu," alimwambia jioni moja.

"Niende wapi? Nani atamwajiri mtu anayekohoa akajikuta anatazama ukuta? Mkono mtupu haulambwi."

Mkewe alikaza fundo la kamba.

Kisha Mrefu, aliyejaza matangi ya upande wa pili, alipiga chafya uwanjani akiwa hajashikwa na mtu. Alizunguka, akapaa juu ya ukuta, akaendelea. Kofia yake ilipelekwa kwa mama yake ikiwa imepigwa pasi. Meneja aliwakusanya wafanyakazi, akasema msiba ule ni wa wote, na kuanzia kesho kutakuwa na kulabu ukutani ili kila mjazaji afungwe vizuri. Mtu mmoja aliuliza habari za mpira.

"Tusichanganye mambo," meneja alisema.

Roketi ilirushwa mbele ya wageni. Iliyumba, injini ndogo zikatema moto, ikanyooka kama uzi. Mjazaji alikuwa kwenye kulabu yake.

"Hiyo nimeijaza mimi!" alipaza sauti, na kwa kupaza sauti akageuka. Wengine walipokuwa wakiisindikiza kwa macho hadi mawinguni, yeye alikuwa anatazama matofali.

Wanunuzi wakaongezeka. Ikaongezwa zamu nyingine, na kulabu nyingine. Mpira ulikuwa ule ule.

Mkewe ndiye aliyefua ovaroli. Harufu ilimpanda kutoka kwenye beseni, lakini alikwishaizoea. Alipokuwa akianika alishusha pumzi, na mwili wake ukageuka polepole, ukaziacha nguo, ukaelekea mlangoni. Akavuta hewa, akajirudisha. Wifi yake, dada wa mjazaji, alikuwa akianika shuka zake upande wa pili wa kamba.

"Wifi, hata wewe?"

"Hata mimi."

"Tangu lini?"

"Juzi. Kaka yako usimwambie, atakosa usingizi."

Wifi alizitazama zile ovaroli zinazochuruzika maji.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Sasa nisizifue? Aende kazini na uchafu?"

Wifi alimshika mkono akauweka kwenye kamba ajishikilie, akavuka kamba kumbania vibanio. Ng'ambo ya nyumba injini ilikuwa ikijaribiwa, na sufuria zilitetemeka jikoni. Walingoja inyamaze.

Kwenye beseni zilibaki ovaroli mbili. Zamu ilianza alfajiri, na ilibidi ziwe zimekauka.