Nukta ya Mzee Makhanu

Mwaka wa 2007, mvua za masika zikiwa zimeshika kweli kweli, Namalwa aliamini kwamba baba yake amemkasirikia.

Mzee Makhanu alikuwa karani wa reli aliyestaafu. Alifiwa na mkewe zamani, akabaki peke yake Nakuru, katika nyumba ndogo karibu na stesheni aliyoifanyia kazi. Masikio yalikuwa yameanza kumtupa. Ukimwambia kwa simu kwamba umepika ndengu, yeye anakuuliza nani amepigwa rungu. Ndiyo maana Namalwa, aliyekuwa akiandika programu za kompyuta kwenye shamba moja la maua Naivasha, alimtengenezea baba yake njia rahisi ya kutuma barua pepe. Programu hiyo aliiweka kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, ya Nimesh, kijana wa familia ya duka la vitabu mjini, aliyesoma naye tangu shule ya msingi. Ilikuwa na herufi kubwa, picha ya Namalwa, na kitufe kimoja cha kijani kilichoandikwa TUMA.

Kabla ya hapo Nimesh ndiye aliyekuwa akimpigia mzee chapa, na barua zilikuja ndefu kama treni ya mizigo: mambo ya kanisa, ya kuku, ya jirani aliyenunua redio akakosa betri. Mzee alipoanza kujiandikia mwenyewe, akimwita bintiye "Mama" kama alivyozoea, barua ikawa hivi:

"Mama, salaam nyingi. Mimi ni mzima."

Mwisho. Hata jina lake hakuweka chini. Iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Kama si Owino, huenda Namalwa angecheka tu. Lakini wiki ileile mzee alipoanza kutumia programu, ndiyo wiki Namalwa alipomwandikia habari za Owino, fundi wa pampu za maji kule Kamere: kwamba ni Mjaluo, si wa kabila lao, kwamba ni mtu mpole, na kwamba wanataka kuoana. Alimwomba baba aseme neno. Jibu likaja: "Mama, salaam nyingi. Mimi ni mzima."

"Labda anafikiria," Owino alimwambia jioni moja, walipokuwa wakinywa chai kwenye chumba cha Namalwa huko Kihoto.

"Wewe humjui. Baba yangu hufikiria kwa kuongea. Akinyamaza, ujue kuna kitu."

Owino aliitazama chai yake. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, ambaye hata pampu ilipoharibika hakuitukana. "Basi nitangoja," alisema, na Namalwa akaumia zaidi, kwa sababu alijua kweli angengoja.

Hakuandika tena kuhusu Owino. Akawa naye anaandika barua fupi, za hali ya hewa. Hali ilikaa hivyo mpaka Nimesh alipompigia simu kuhusu mashine ya kuchapisha iliyokuwa ikimsumbua. Walipomaliza, Nimesh akasema, "Halafu, Nama, si ujibu mzee vizuri? Anakuja hapa, anakaa asubuhi yote akiandika. Jana ameniuliza kama wewe ni mgonjwa."

"Asubuhi yote? Nimesh, mimi napata laini moja."

"Laini gani moja? Mimi huona ukurasa umejaa."

Jumamosi Namalwa alikuwa Nakuru. Alimkuta baba yake pale saiba kwenye kiti cha kona, kofia imewekwa magotini, akiandika kwa vidole viwili. Alimsalimia kwa kumshika mabega. Mzee aligeuka, uso wote ukafunguka, kisha akakumbuka kwamba alikuwa amenuna kidogo.

"Umepona?" akauliza.

"Sikuwa mgonjwa, Baba. Endelea tu. Nataka kuona."

Mzee akaendelea. Aliandika salaam zake. Akashuka mstari, akaweka nukta moja, akashuka tena mstari. Kisha akaanza: "Kuhusu bati la kanisa..." Alipomaliza habari ya bati, akashuka, akaweka nukta, akashuka.

Namalwa alimshika mkono. "Baba, hiyo nukta ni ya nini?"

"Ya kutenganisha," mzee alijibu, akishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza. "Tulifanya hivyo stesheni tukitumiana habari. Jambo moja likiisha, unaweka nukta peke yake, ndiyo yule wa upande wa pili asichanganye habari ya ng'ombe na habari ya makaa. Nani anaandika mambo yote kwa mkupuo kama mlevi?"

Namalwa alikaa chini. Alihisi anataka kucheka na kulia pamoja, na kwa kuwa Nimesh alikuwa amesogea kusikiliza, akaamua kumweleza yeye kwanza.

"Kompyuta zikipeana barua," alisema, "hii inasoma, ile inaandika, mstari kwa mstari. Inajuaje barua imeisha? Inaona mstari wenye nukta peke yake. Hiyo ndiyo alama yao ya kusema nimemaliza."

Nimesh alimwangalia mzee, kisha kioo. "Kwa hivyo mzee akisema salaam, mashine inafunga barua."

"Inafunga, na yote yanayofuata inatupa. Lakini haifai kuwa hivyo. Inafaa ikiona nukta ya mtu, iongeze nyingine mbele yake, ndiyo upande ule mwingine ujue hii si ya kufunga, uitoe ile ya ziada. Hiyo kazi si yangu, ni ya maktaba."

Maktaba aliyoisema haikuwa ya vitabu. Ni mistari ya programu iliyoandikwa tayari na watu wengine, inayokuja pamoja na lugha ya kompyuta aliyoitumia, ili asiyejua kutuma barua atume bila kujua. Lugha yenyewe ilikuwa ya bure, na yeyote angeweza kuifungua aone ndani. Namalwa akaifungua palepale dukani, akatafuta sehemu ya barua pepe.

Hakuhitaji kutafuta sana. Aliyeiandika alikumbuka kuongeza nukta, na alikumbuka pia kusawazisha miisho ya mistari, kwa sababu kompyuta nyingine humaliza mstari kwa alama moja na nyingine kwa alama mbili. Ila alikuwa ameyafanya kinyume. Aliongeza nukta kwanza, akizitafuta baada ya alama mbili, wakati mistari ya mzee ilikuwa bado na alama moja. Nukta ya mzee haikuonekana. Baadaye mistari ikasawazishwa, na nukta ikasimama peke yake, tayari kufunga mlango.

"Si umwambie tu mzee aache kuweka nukta?" Nimesh aliuliza.

"Mwambie wewe."

Nimesh alimtazama Mzee Makhanu, aliyekuwa akifuta kioo kwa mkono wa sweta. "Hapana," akasema. "Wacha tutengeneze."

Namalwa alibadilisha mpangilio: kusawazisha kwanza, nukta baadaye. Akajaribu kwa barua iliyokuwa mbele ya baba yake, na ikafika yote, bati la kanisa likiwemo. Ndipo alipomgeukia.

"Baba, barua zako zilikuwa zinakatika. Uliniandikia nini kuhusu Owino?"

"Nani?"

"Owino."

"Huyo Mhindi wa kinu?"

"Owino, Baba! Yule ninataka kuolewa naye!"

Saiba nzima ikageuka. Mwanamke aliyekuwa akichapisha kadi za mazishi alisimamisha mkono. Mzee Makhanu, kwa kuwa watu wasiosikia huongea kwa sauti kubwa kuliko wote, alijibu mpaka akasikika nje.

"Nilisema umlete! Nimesema mara tatu! Nikauliza anakula kuku ama ni mtu wa samaki peke yake, hujibu. Nikadhani mmegombana, unaona haya kuniambia!"

Namalwa aliinamisha kichwa kwenye bega la baba yake. Mzee akampapasa mgongo, bila kuelewa kosa liko wapi, na mwanamke wa kadi akasema taratibu, "Mzee, huyo atakula kuku."

Jumatatu Namalwa aliwaandikia watunzaji wa lugha ile ya kompyuta, watu wa nchi za mbali wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea. Aliwatumia marekebisho yake na maelezo. Mmoja wao alijibu kwa adabu kwamba marekebisho ni sahihi, ila angependa kujua: ni nani hasa, katika maisha ya kawaida, huandika nukta peke yake kwenye mstari?

Namalwa aliandika: "Baba yangu."

Kesho yake jibu likaja kwamba hiyo inatosha. Marekebisho yaliingia kwenye toleo lililofuata.

Owino alikwenda Nakuru mwisho wa mwezi. Namalwa aliogopa siku hiyo kwa sababu yake mwenyewe: baba hasikii, na Owino husema kwa kunong'ona. Lakini alipotoka jikoni na sahani ya ugali na kuku aliwakuta wote wawili wamepiga magoti uani, redio ya jirani imefunguliwa matumbo yote nje. Owino alionyesha kwa bisibisi, mzee alitikisa kichwa, akaonyesha kwingine, Owino akakubali. Hawakuwa wakisema chochote. Kuku alipoa wakiwa bado huko.

Barua ya kwanza baada ya ziara hiyo ilimkuta Namalwa kazini. Aliishusha kwenye kioo, ikaendelea kushuka. Bati la kanisa lilikuwa limefika, lakini fupi. Kuku mmoja alikuwa ametaga chini ya kitanda. Redio ya jirani ilisikika hadi kwake, naye anashukuru, maana sasa hata yeye anaisikia. Mwishoni, chini ya nukta yake, mzee alikuwa ameandika:

"Owino amesahau sweta hapa. Nimejaribu, imenitosha. Mwambie baridi ya Nakuru si mchezo, kwa hivyo aje mwenyewe kuichukua."

Namalwa alimpigia Owino simu Kamere, akamsomea yote, hata habari za kuku.