Sisi Nani?

Mkewe alipofariki, Fundi Vikaragosi alikaa mwaka mzima bila kufanya onyesho hata moja. Miaka ishirini na mitatu walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega: yeye anachonga na kuchezesha, mkewe anasema na kuimba nyuma ya pazia. Watoto waliamini vikaragosi vina koo zao wenyewe. Sasa vilining'inia ukutani, na nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba friji ikizima, Fundi anashtuka.

Siku moja akaona tangazo mlangoni mwa maktaba: mafunzo ya kuandika maombi ya ruzuku kwa miradi ya sanaa mseto, kila Jumanne mchana, bure. Akaenda. Kusema kweli, hakufuata ruzuku. Jumanne kwake ilikuwa ndefu mno.

Wiki ya kwanza walikuwa wanane. Wiki ya nne wakabaki wawili, yeye na mcheza dansi mmoja aliyesinzia tangu mwanzo hadi mwisho. Ya tano akabaki peke yake na mwalimu, binti ambaye Fundi angeweza kumzaa, mwenye kalamu nyekundu aliyoishika kama daktari anavyoshika sindano.

"Tunaendelea tu, mzee," mwalimu akasema. "Hata mmoja ni darasa."

Swali la tatu la fomu lilimtoa jasho: kwa nini mradi wako unahitaji sanaa zaidi ya moja? Maneno yasizidi mia moja na hamsini. Fundi akajikuna kichwa. Aliona kama anaulizwa kwa nini mtu ana macho na bado anataka masikio. Akajaza kurasa mbili.

Mwalimu akazisoma zote, huku akizungushia neno moja duara.

"Mzee wangu, umeandika 'sisi' mara kumi na tisa. Sisi tutaimba, sisi tutachezesha. Sisi nani?"

"Mimi na mke wangu."

"Mbona hayumo kwenye orodha ya wahusika?"

"Ametangulia."

Mwalimu akafunika kalamu. "Pole sana, baba." Akairudia fomu. "Lakini fomu haijui kulia. Inataka kujua nani ataimba."

Wa kuimba alimjua. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, mshonaji wa upande wa pili wa mji. Hawakuwa wamegombana. Ila sauti yake ilikuwa ya dada yake, kana kwamba waligawana koo moja, na Fundi hakuwa na ubavu wa kuisikia. Tangu mazishi, simu zake aliziacha ziite mpaka zikakoma.

Jumatano akapiga yeye.

"Haloo?"

Sauti ilikuwa ileile. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Shemeji, ni mimi."

Cherehani upande wa pili ikasimama. "Leo umekumbuka una shemeji? Nilifiwa na dada, kumbe nikafiwa na wewe pia."

"Nisamehe."

Akamweleza habari ya fomu. Shemeji akasikiliza hadi mwisho.

"Unataka niwe yeye?"

Moyoni mwa Fundi jibu lilikuwa ndiyo.

"Siwezi, shemeji, na usiniombe tena. Kuimba nitaimba, ila kwa sauti yangu, tena mbele ya watu. Nyuma ya pazia siingii."

"Na vikaragosi vitasemaje?"

"Vinyamaze. Kwani lazima viseme?"

Mchana ule swali la tatu likajibika. Kikaragosi cha bibi kinazunguka nyumba kikitafuta sauti; mwimbaji ameketi mbele ya jukwaa, anaimba, wala hawaonani. Mkono hauimbi, na wimbo hauna miguu. Ndiyo maana vinahitajiana. Jumanne mwalimu akasoma, na kalamu haikufunguliwa.

"Tuma," akasema. Wiki iliyofuata darasa likafungwa kwa kukosa wanafunzi.

Baada ya miezi minne barua ikaja: wamekubaliwa. Fundi aliisoma mlangoni, akageukia ndani, akafungua kinywa. Hapakuwa na wa kumwambia. Namba ya mwalimu haikupatikana. Shemeji alikuwa anampima mteja gauni: "Hongera sana! Nitakupigia." Mwishowe akamwambia jirani aliyekuwa akianika nguo.

"Ruzuku ya mbolea?" jirani akauliza.

"Ya vikaragosi."

"Haya, kila mtu na riziki yake."

Jumamosi shemeji akaja kwa mazoezi. Akavua viatu, akaketi kitini, akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza haujaisha, Fundi akatoka, akasimama kwenye korido, paji la uso ukutani. Shemeji hakukatiza, aliimba mpaka mwisho.

Fundi akarudi, macho mekundu. "Tuanze tena."

"Utaweza?"

"Sijui," akasema, akamshusha bibi ukutani.