Ndoo ya Nyungunyungu

Dada Damaris alinipa hadi Ijumaa. Kama nyungunyungu wangu hawangenipatia samaki hata mmoja, ndoo ingetoka chini ya sinki na kumwagwa kwenye maua ya barabarani. Alisema hivyo mbele ya wenzetu wote wa chumba, ameshika mwiko, nami nikaitikia kwa kichwa. Siwezi kubishana na mtu aliyeshika mwiko. Hata asiyeshika kitu siwezi.

Nilisomea kilimo chuoni kwetu Kenya, na hapa Doha natunza miche kwenye kitalu cha maua, Al Wukair. Siku moja nikibadilisha udongo wa vyungu nilikuta nyungunyungu saba wanene, wakijikunja kana kwamba nimewaamsha. Nilikuwa na karibu mwaka sijaona mdudu wa udongo uliolowa. Nikawabeba hadi kwetu tunakokaa, Fereej Bin Mahmoud, ndani ya kopo la maziwa. Baba alikuwa akinipeleka bwawani kuvua kambare kwa wadudu hao hao, na kuwaona tu kulinipa raha ambayo sikujua namna ya kuwaeleza wenzangu. Niliwalisha majani ya chai na maganda ya ndizi. Wakazaana. Baada ya miezi mitatu wenzangu walikuwa wakiingia jikoni wamevaa viatu.

Ijumaa asubuhi kaka Athumani, dereva wa Unguja anayekaa ghorofa ya chini yetu, alinipeleka ufukweni Al Wakrah. Yeye alibeba vipande vya ngisi. Alipoona chambo changu alicheka hadi akakaa juu ya jiwe. Aliniambia nyungunyungu ni mtu wa shamba. Ukimtia maji ya chumvi anakufa kabla samaki hajapata habari zake. Ilikuwa kweli. Kila nilipovuta mshipi nilimkuta amelegea kama tambi. Nikawa nawabadilisha kila baada ya dakika chache, na kila niliyemtunga kwenye ndoano nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Baada ya saa nzima mshipi ulivutwa. Nilivuta nami, mshipi wangu ukapitana na wa kaka Athumani, na akatoka samaki anayeng'aa, mwenye madoa ya samawati mashavuni. Kaka Athumani alimtazama kwa mapenzi, akasema neno moja.

"Changu."

Kwetu bara samaki niliowajua ni wawili, kambare na ngege. Niliposikia changu nilielewa kwamba ni chake. Nilijiuliza kidogo kwa nini hakusema wangu, lakini mimi ni nani wa kumsahihisha Kiswahili mtu wa Unguja? Kipande cha nyungunyungu kilikuwa bado kinaning'inia mdomoni mwa samaki. Nilikiona. Hata hivyo mishipi ilikuwa imepitana, na kaka wa watu alikuwa ametumia petroli yake. Nikamtoa samaki na kumtia katika ndoo yake. Akasema nimefanya vizuri, humo mna barafu.

Hatukupata mwingine. Saa nne dada Damaris akatufikia, akitoka kanisani, maana hapa ibada kuu ni Ijumaa, bado amevaa kitenge chake cha ibada. Alichungulia kopo langu na kuuliza samaki yuko wapi. Nikasema sikupata. Nilidhani atafurahi. Alinishika bega tu, akasema jioni atanisaidia kubeba ile ndoo.

Kaka Athumani aligeuka. "Hakupata nini? Na changu je?"

"Chako tumekisikia," dada Damaris akasema. "Mimi namuulizia huyu wake."

"Ndiye huyo wake. Changu."

"Sasa ni wako ama ni wake?"

"Wake, dada yangu. Si wangu, ni changu."

"Kaka, jua limekupiga?"

Kaka Athumani alimtoa samaki kwenye barafu, akamwinua mbele ya uso wake. "Huyu. Jina lake changu. Waarabu wa hapa wanamwita shaari. Kwenu mnamwitaje?"

"Kwetu hayuko."

Wote wawili wakanitazama. Masikio yalinichoma. Ningeweza kucheka tu na kuliacha lipite, kama ninavyofanya siku zote, na jioni nyungunyungu wangu wangekauka juu ya lami.

"Ni wangu," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, hadi Mfilipino aliyekuwa akivua kando yetu akageuka. "Nimempata kwa nyungunyungu. Ndoo haitoki."

Kaka Athumani ndipo alipong'amua kwa nini nilimtia samaki kwenye ndoo yake. Alicheka hadi akamwangusha samaki mchangani, na dada Damaris akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akisema haki watu wa Unguja watatumaliza.

Usiku ule tulimla kwa ugali, watu watano samaki mmoja, na kila mtu akapata. Nilipokuwa nikiosha sahani, dada Damaris alikuja na sufuria ya ugali. Akapiga magoti mbele ya sinki, akaikunja pua, akafunua kifuniko cha ndoo kwa vidole viwili.

"Hawa watoto wako," akauliza, "wanakula ukoko?"

"Ukilowekwa," nikamwambia.

Akafungua bomba, akauloweka.