Mahali pa Sauti ya Nne

"Mama Imakulata, si wimbo ni ule ule wa kanisani? Tofauti yake nini?"

Nargis, mke wa mwenye duka la vitambaa, aliuliza hivyo huku redio ikiimba juu ya rafu. Mwimbaji alikuwa Flavia, binti wa pale pale Tabora, na wimbo ulikuwa wa misa ya wafu, wa Kilatini. Ila nyuma yake yalilia magitaa, na ngoma ilikwenda kidansi. Apolinaria, ndiye huyo Mama Imakulata, alikubali tu kwamba ulikuwa mtamu.

Wimbo ule mumewe, marehemu Raymundi, aliufundisha kanisani miaka ishirini, kwa sauti nne. Flavia alijifunzia hapo hapo, angali darasa la nne. Baadaye bendi ya dansi ikamchukua, akaenda Dar es Salaam, akakikata kile kipande kitamu cha sauti ya kwanza, akakirudia mara tatu, na nchi nzima ikampenda.

Sasa Raymundi alikuwa anatimiza mwaka kaburini. Padri aliruhusu misa ya kumbukumbu iimbwe Kilatini kama zamani, akamwachia mjane achague waimbaji. Apolinaria alitaka jambo moja tu: wimbo wa mumewe uimbwe wote, tangu mwanzo hadi mwisho, walau mara moja tena. Taabu ilikuwa sauti ya nne, ile nzito ya chini. Wanaume walioiimba walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa. Wawili hakuna aliyejua walipo, mmoja alikuwa mgonjwa Sikonge. Alibaki Masolwa, huko Kigwa.

Akapanda treni kumfuata. Alimkuta akipalilia shamba la kijiji, mzee, meno ya mbele hayapo. Masolwa alicheka kwanza.

"Shemeji, sauti hii siku hizi inafaa kuitia ng'ombe."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka. Mahali pako hataingia mtu mwingine. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Mzee akaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, akaja.

Flavia naye alikuja, bila magitaa, kwa heshima ya mwalimu wake. Mazoezini aliimba mpaka wanawake wakasahau sauti zao wamsikilize yeye. Lakini wimbo ule una mahali katikati ambapo sauti tatu za juu hunyamaza, na ya nne hushuka peke yake, polepole, kama watu wanaoteremsha jeneza. Walipofika hapo Flavia akaendelea. Apolinaria akamgusa bega.

"Hapo unanyamaza, mwanangu."

"Kote huko, mama? Nikinyamaza watu watasikiliza nini?"

"Watamsikiliza Masolwa."

Flavia alimtazama mzee, akainamisha kichwa, akasema sawa. Apolinaria akawaza kwamba lile swali la Nargis huenda jibu lake lilikuwa hapo. Kwenye ule wimbo wa redio hakuna anayemngoja mwenzake.

Siku ya misa kanisa lilijaa hadi nje, wengi wakimfuata Flavia. Walianza vizuri. Sauti tatu zikatulia, Masolwa akaingia. Neno la kwanza lilikaa. La pili likakwaruza. La tatu likakatika, akabaki kinywa wazi akitafuta pumzi, na kwenye mabenchi ya nyuma watu wakaguna, wengine wakacheka. Masolwa akameza mate, akafumba macho aanze tena. Raymundi siku zote alikuwa akiwangoja waimbaji wake.

Flavia hakuweza kungoja. Alimwonea mzee huruma, uso wake ulionyesha hivyo. Akaimba juu yake kile kipande kitamu, na kicheko kikafa. Wanawake wakafuta macho kwa ncha za kanga. Apolinaria mwenyewe machozi yalimtoka, rozari ikamlegea mkononi. Ulikuwa mtamu kuliko redioni, naye kwa kitambo kizima hakukumbuka kwamba mahali pale palikuwa pa mtu.

Alipogeuka, Masolwa alikuwa amekwisha kukunja karatasi yake ya nota. Aliiweka juu ya benchi, akapiga goti mbele ya altare kwa shida, akachukua kofia yake.

"Shemeji," Apolinaria alimwita kwa sauti ndogo.

Mzee alipita katikati ya watu waliokuwa wakilia, akatoka.