Kijani cha Kuambiwa

Haya alinisimulia shoga yangu, mke wa fundi baiskeli, asubuhi moja tukianika mashuka, mvua za mwanzo zilipokwisha kukata. Nayaandika kama alivyoyasema.

Huyu shoga yangu mikono yake haikujua kukaa bure. Tangu astaafu ukarani, chumba cha nyuma kilijaa makopo: la shanga, la nyuzi za kudarizia, la viraka, na ndoo ya udongo iliyofunikwa kitambaa kibichi. Hakuuza hata kimoja. Leo ataanza mkoba, kesho auache afinyange kibakuli, keshokutwa aurudie ule mkoba kama mtu aliyetoka safari. Mumewe akamwita Bibi Nusunusu.

Jicho la kulia lilikuwa limezimika siku nyingi. Sasa la kushoto nalo likaingia ukungu. Likapasuliwa, likafungwa bandeji siku tatu. Daktari hakumficha. "Tukifungua ndipo tutajua, mama."

Siku tatu gizani. Kutunga shanga hakukuwezekana, kudarizi ndiyo kabisa. Ikabaki kulabu ya kufumia, maana matundu ya kufuma hata vidole huyahesabu. Akakaa kiti cha dirishani, jua likimpapasa magoti, akaanza shali ya mistari: safu nne kijani, safu nne rangi ya maziwa, mumewe akimpa nyuzi.

"Nipe kijani."

"Hiki hapa."

"Umenawa?"

"Nimenawa mpaka nimepauka."

"Mbona nasikia grisi?"

"Hiyo iko moyoni, bibie. Huko sabuni haifiki."

Akacheka, akafuma. Na kadiri alivyofuma, giza likalegea. Kijani kikampanda vidoleni, kikafika kiwikoni, akajiona anatembea ndani ya shali yake mwenyewe, nyasi zikimfika kiunoni. Kila tundu likawa mlango mdogo. Nyuma ya kila mlango ilikaa kazi aliyoiacha nusu, kibakuli kisicho na ukingo, mkoba usio na mkono, nazo zikamwuliza taratibu: utarudi lini?

Mikono ikasimama.

Mumewe aliijua mikono ile. Ikisimama, hofu imeingia, na hofu ikiingia machozi hayako mbali, nayo machozi daktari aliyakataza. Kwa hiyo siku ya pili, kijani kilipokwisha, yule mzee alipekua makopo yote kimyakimya, akakikosa, akachukua madonge mawili ya uzi wa kahawia yenye unene uleule, kwake rangi moja, akamtilia mkononi la kwanza.

"Ni kijani kilekile?"

"Kilekile."

"Kama nini?"

Akafikiri. "Kama jani la mgomba lililonyeshewa."

Mikono ikaenda tena, na usiku ule hakulia.

Siku ya tatu, hospitalini, bandeji ikatoka. Kwanza ulikuja mwanga mtupu, kama maziwa yaliyomwagika. Kisha vifungo vya koti la daktari, kimoja kimoja. Kisha shali, mapajani mwake. Akaitazama kwa muda mrefu. Mumewe kasimama ukutani, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hili ndilo jani la mgomba lililonyeshewa?"

"Lilinyeshewa mno, mke wangu. Likaoza."

"Hata kuoza kwenyewe si kwa namna moja. Mstari huu ni kahawia ya chai. Huu hapa ni kahawia ya kutu."

Daktari akaweka kurunzi yake mezani. "Mama, unaziona rangi mbili?"

"Naziona. Huyu bwana ndiye aliyeona moja."

Yule mzee akakaa kwenye benchi, akaitwaa shali, akajifunika uso, mabega yakimtikisika.

Nyumbani mchana aliambiwa alale chali, asiiname. Akalala kitandani, mlango wa chumba cha nyuma umeachwa wazi. Akaanza kutaja alichokiona: bluu ya pazia, nyekundu ya kopo la shanga, udongo uliokauka ukawa kijivu. Mumewe kitini akaitikia, "ehe," kisha "ehe" nyingine ndogo zaidi, kisha akakoroma. Yeye akaendelea kutaja, pole pole, sauti ikipungua, mpaka ikambakia nyeupe ya dari peke yake. Akaifuata ile nyeupe ilikokwenda, naye akalala.