Ngazi Nyeupe za Mtaa wa Calloway

Purnell Gaither, mzee wa miaka tisini, aliingia garini akiwa ameikumbatia bahasha yake ya hati kama mtu aliyebeba mayai. Rosetta Mackall hakumshikia mlango. Alimwacha ajikokote, akae, ahangaike na mkanda, ndipo akatia gia.

Ilikuwa saa nane na robo mchana, siku ya mwisho ya kuandikisha madai. Baada ya miaka hamsini na mitano wakubwa wa mji walikuwa wamekumbuka kwamba pale palikuwa na watu. Waliobomolewa nyumba kupisha barabara ambayo haikujengwa wangegawiwa viwanja palepale, wao au wazao wao, mradi kila mdai aapiwe na jirani aliyeishi naye safu moja. Safu yao ya Calloway ilikuwa na nyumba ishirini na mbili, kumi na moja kila upande wa barabara. Walio hai na wanaojulikana walipo walikuwa hawa wawili tu. Yeye angemwapia mzee, mzee angemwapia yeye. Mmoja akikosa, wote wamekosa. Ofisi ilifungwa saa kumi.

Na Rosetta alikitaka kiwanja. Alikitaka hata kama kingekuwa na upana wa kitanda, aweke kiti pale mama yake alipokuwa akiweka kiti. Mzee Gaither alikitaka kwa ajili ya Denise, mjukuu wake, aliyekuwa akilelea watoto wawili katika chumba cha chini ya nyumba ya watu, kuta zimeota kuvu.

Waliingia kwenye Mzunguko, ile barabara kuu iliyoufunga mji kama mshipi. Hiyo iliisha kujengwa. Ile nyingine, ya kuupasua mji katikati, ilichorwa na mabwana ambao hawakuwahi kukanyaga Calloway hata kwa kupotea. Ilianza kwa watu weusi, ikala nyumba zao mtaa baada ya mtaa. Ilipokaribia madirisha ya wenye sauti, mabwana wakashikwa na huruma ya ghafla, wakaifuta. Kilichobaki ni handaki la lami, refu kiasi cha kutembea nusu saa, lisilompeleka mtu popote.

Mzee Gaither alikuwa na furaha. Alitoa peremende mfukoni, akampa Rosetta moja, naye akaitia mdomoni bila kufikiri. Kisha akaanza kusimulia jinsi walivyoipinga ile barabara enzi zile, mikutano sebuleni kwake, yeye akiwa mwenyekiti.

"Tulisimama, binti," alisema. "Mimi na mama yako. Mpaka mwisho."

Njia ya kutokea kuelekea ofisini ikapita upande wa kulia. Rosetta hakugeuza.

"Umepita njia."

"Najua."

"Basi tokea hapo mbele."

"Mzunguko ni mzunguko, mzee. Tutarudi hapahapa baada ya saa nzima. Unayo saa nzima ya kuniambia ulitia sahihi mwezi gani."

Mzee alicheka, akaona amecheka peke yake.

Pale Calloway kila nyumba ilikuwa na ngazi tatu za marumaru nyeupe mlangoni, na kila Jumamosi zilisuguliwa kwa jiwe na sabuni ya unga mpaka ziumize macho. Mwanamke aliyeacha ngazi zake zishike uchafu alikuwa ameacha kila kitu. Matangazo ya kubomoa yalipopigiliwa milangoni, watu waliendelea kusugua. Aliyetia sahihi ya kuiuzia serikali nyumba yake aliacha. Nani atasugua jiwe ambalo si lake tena? Hivyo ndivyo safu ilivyohesabu watu wake bila kuulizana. Mama yake Rosetta alichungulia dirishani kila Jumamosi. Za mwenyekiti, ng'ambo ya barabara, zilikuwa nyeupe. "Gaither bado yupo," alisema, na karatasi ya kuuzia nyumba akairudisha kwenye droo bila sahihi.

Jumatatu moja ya Juni lori la kuhamisha vyombo likasimama kwa Gaither. Kumbe alikuwa ameuza siku nyingi, kwa bei nzuri, akanunua nyumba yenye majani mbele, nje ya Mzunguko. Waliobaki walilipwa kwa amri ya mahakama, bei ya safu iliyokwisha kuwa gofu. Mama Mackall alifia ghorofa ya kumi na moja katika majengo ya serikali, lifti mbovu, majira ya baridi ya nne tangu kuhamishwa.

Mzee alijaribu kila kisingizio. Alisema amesahau. Alisema kila mtu alikuwa na watoto. Alimtaja Denise, akataja majina ya watoto wa Denise. Rosetta alimjibu neno lilelile: mwezi.

Kwenye daraja la bandarini mzee akachoka.

"Machi," alisema. "Tarehe tatu."

"Na ngazi mkeo akazisugua mpaka Juni, watu wazidi kukuamini."

"Lorena alikuwa hospitali tangu Februari, mapafu. Hukumbuki?" Akamgeukia, na sasa sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba. "Ulisugua wewe."

Rosetta alishika usukani kwa mikono miwili.

"Ulikuwa na kindoo cha bluu. Alfajiri, mama yako hajaamka, nilikwambia iwe siri yetu. Nilikulipa peremende. Halafu yeye anaamka, anachungulia, anaona kazi ya mwanawe, moyo wake unatulia." Akapangusa midomo. "Na wewe ulikuwa unanitafuta mimi miaka yote hii."

Rosetta alikuwa na miaka kumi wakati ule. Kindoo alikikumbuka vizuri, na maji yaliyokata vidole, na magoti kuwaka. Siku zote alidhani anakumbuka ngazi za kwao.

Saa ya gari ilionyesha tisa na nusu ile njia ya kutokea ilipojitokeza tena. Kutoka hapo hadi ofisini ni dakika ishirini. Mkono wa Rosetta ulikwenda kwenye indiketa, ikalia mara tatu, mara nne.

"Hivyo hivyo," mzee alisema kwa upole. "Yaliyopita tumeyasema. Watoto wa Denise hawakumkosea mtu."

"Hata mimi nilikuwa mtoto," Rosetta alisema, akaizima indiketa.

Mzee alipiga kelele, akamwita mwendawazimu, akamwambia anajinyima mwenyewe. Rosetta alijua hilo. Alikaza mwendo, malori kushoto na kulia, na kila njia ya kutokea aliitazama ikija na kwenda. Mzee akaomba wasimame ajisaidie. Hakusimama. Baada ya muda harufu ikajaa garini, bahasha ikaloa pembe moja.

Saa kumi na dakika tatu simu ya mzee iliita. Alikuwa Denise, na sauti yake ilisikika gari zima: wamewahi au hawakuwahi?

Mzee alimtazama Rosetta. Rosetta alitazama barabara.

"Tumewahi, mjukuu wangu," alisema Mzee Gaither. Ilikuwa sauti ileile ya sebuleni, laini, ya kulazia watu usingizi. "Usiwe na wasiwasi. Anza tu kufunga vyombo."

Rosetta angeweza kusema. Neno moja lingetosha, simu ilikuwa wazi. Hakulisema.

Mzee akakata simu, akapapasa mfukoni, akamnyooshea peremende. Rosetta akaipokea.