Neno Ambalo Mtume Hakulisema

Mwana wa Mejumaa alifariki kwa malaria wakati wa mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba. Matanga yalipoanuliwa, mama mtu bado alikuwa akilia kwa sauti. Bi Mwanakuu, aliyewasomesha wanawake wa Bondeni hadithi za Mtume tangu babake alipomwachia darasa, akamshika mkono.

"Mtume amesema, mama aliaye humfungia mwanawe mlango wa Pepo."

Mejumaa alinyamaza papo hapo. Watu walimsifu kwa subira yake. Mumewe tu ndiye aliyesema kwamba hata usingizini mkewe huuma meno.

Baada ya wiki mbili Nasiha, bintiye Bi Mwanakuu, alimuuliza, "Mama, hadithi ile uliipokea kwa nani?"

"Kwa babangu."

"Na yeye?"

Bi Mwanakuu alifungua kinywa ataje mlolongo wa wapokezi, kama alivyozoea. Halikuja jina. Ilimjia sauti ya nyanyake, akimkemea mamake jikoni siku alipozikwa mdogo wake Bi Mwanakuu. Maneno yalikuwa ya nyanya. Bi Mwanakuu mwenyewe ndiye aliyemsingizia Mtume.

Alivaa buibui, akenda kwa Mejumaa. Alimkuta akipeta mchele.

"Mwanangu, nilikosea. Mtume hakusema vile. Yeye mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, machozi yakamtoka mbele ya watu. Lia."

"Nimejaribu, Bi Mwanakuu. Juzi niliiona kanzu ya mwanangu, nikataka kulia. Nikamwona amesimama nje ya mlango wa Pepo, anitazama. Nikameza machozi." Akaweka uteo chini. "Sasa hayaji."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini maneno yale nimeshamwambia wifi yangu wa Kibarani. Naye amefiwa na mwana."

Bi Mwanakuu alikwenda Kibarani siku ile ile, matope hadi vifundoni. Wifi alikuwa amehama bila kuwaaga hata jamaa zake, na majirani hawakujua amehamia wapi. Mmoja wao alimkariria maneno yale, akaongeza, "Mtume kasema."

"Hakusema," Bi Mwanakuu alijibu. Yule mama akamtazama kama mwenda wazimu.

Alhamisi, mbele ya darasa zima, alieleza yote bila kujitetea. Kisha akamkalisha Nasiha mahali pake.

"Usiongeze hata herufi," alimwambia. "Ukisahau, sema umesahau."

Akenda kukaa nyuma, penye viatu. Mejumaa hakuja.